Injini ya Kahawa

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Restuta Nzunda asubuhi ya Jumatano, amesimama ndani ya kiwanda cha kahawa cha Ishilanga, anatazama nati nne zilizobaki juu ya sakafu ya saruji. Mashine ya kumenyea kahawa ilikuwepo. Mikanda ilikuwepo. Injini ya kuizungusha haikuwepo.

Mlinzi Lusubilo, macho chini, alikuwa ameulizwa kwa mara ya tatu ni nani aliyeichukua.

"Baba Tabita," akasema.

Restuta alidhani hakusikia vizuri. "Baba Tabita yupi?"

"Wa kwako, mama. Ezron. Alikuja jana jioni na mkokoteni wa ng'ombe, yeye na wenzake wanne. Nikakataa kufungua. Akanionyesha karatasi ya Mwenyekiti, ina muhuri. Ningefanya nini?"

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, jambo lenyewe ni hili. Ishilanga ni kijiji cha kahawa wilayani Mbozi, kilomita tisa juu ya Nanyala ukiiacha barabara kuu. Restuta ni katibu wa kikundi cha wakulima, wanachama mia mbili na kumi na wawili. Kahawa mbivu ikichumwa asubuhi lazima imenywe siku hiyohiyo, vinginevyo inachacha na kunuka. Jumamosi, siku tatu tu mbele, mkaguzi wa mnunuzi angekuja kutazama vichanja vya kuanikia. Akikuta zaidi ya nusu vitupu, mkataba unahamia kikundi cha wilaya nyingine, na Ishilanga inarudi kuuza kahawa kwa walanguzi.

Vichanja vilikuwa arobaini. Vyenye kahawa vilikuwa sita.

Sababu ilikuwa juu mlimani. Mwaka mmoja na nusu nyuma, mtu mmoja alichimba choo akakuta jiwe lenye dhahabu. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kuchuma kahawa tena.

Restuta alipanda mlima kwa miguu. Njia nzima alipita kati ya mikahawa iliyoelemewa na matunda mekundu, mengine meusi tayari, mengine yameanguka yanaliwa na siafu. Hapo zamani msimu kama huu ungesikia watu wakiitana kutoka shamba hadi shamba. Sasa ulisikia karasha peke yake, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inaunguruma bila kupumzika.

Aliitambua injini kwa mlio kabla hajaiona. Miaka minane aliusikia mlio ule kila asubuhi ya msimu.

Ezron alikuwa ameinama kando yake, vumbi jeupe kuanzia nywele hadi kandambili. Alipomwona mkewe hakushtuka. Alijifuta mikono kwenye suruali, akasogea naye pembeni ili wasikilizane.

"Nimeiazima, mama Tabita. Siku tatu tu."

"Umeiazima kwa nani?"

"Mwenyekiti ametoa kibali."

"Mwenyekiti hana injini. Ile ni ya kikundi. Tuliinunua kwa kahawa ya misimu mitano, na wewe ulibeba madebe kama wengine."

"Najua."

"Sasa nitamenya kwa nini? Kwa meno?"

Ezron alitazama bonde lote jekundu chini yao. Hakuwa mtu wa kujibu kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Restuta zaidi.

"Umenye nini, mke wangu? Nani amekuchumia kahawa wiki hii? Mtu akishika sururu hapa nusu siku, anapata mlichokuwa mnamlipa kwa wiki nzima. Mmepandisha malipo mara mbili, bado hamwafikii wa dhahabu. Mkipandisha tena, kahawa yenyewe haitawalipa ninyi. Sikulaumu. Nakwambia ilivyo."

"Na dhahabu ikiisha?"

"Ikiisha tutarudi kwenye kahawa."

"Kahawa ipi, Ezron? Mkahawa unataka miaka mitatu mpaka uzae."

Alimwambia mtu ambaye alijua kuliko wote. Nusu ya kijiji walifundishwa kupogoa na Ezron Nzunda. Kulikuwa na wazee waliokuwa hawakati hata tawi moja mpaka apite yeye aliangalie.

Ezron aliinamisha kichwa. "Wananiita," akasema, ingawa hakuna aliyemwita, akarudi kwenye karasha.

* * *

Ofisi ya Mwenyekiti wa kijiji ilikuwa na vigae vipya. Restuta alivua viatu mlangoni, ikambidi akumbuke kwamba miaka miwili tu nyuma ofisi hiyohiyo ilikuwa na sakafu ya udongo, na Mwenyekiti Kefa alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na daftari, anaomba michango ya madawati. Watu walimzomea, walimhoji pesa ya mwaka jana ilikwenda wapi, walimkalisha kwenye mikutano hadi jua linazama. Naye alikaa, alijibu, kwa kuwa bila wao hakuwa na hata chaki ya shule.

Siku hizi hakumchangisha mtu. Kampuni yenye leseni ya mlima ilileta mgawo wa kijiji kila mwezi. Siku Kefa alipotangaza kwamba michango imefutwa, watu walimbeba mabegani.

Huo ndio ulikuwa mkutano wa mwisho.

"Itisha mkutano, Mwenyekiti," Restuta alisema.

"Wa nini, mama Tabita?"

"Watu waulizwe kama wanataka injini yao iende kwenye karasha."

"Watu wako kazini. Nikipiga kengele nani atakuja?"

"Walikuwa wanakuja ulipokuwa unawachangisha."

"Ndiyo. Na sasa siwachangishi. Unanilaumu kwa hilo?"

Restuta akasema jambo ambalo hata yeye alilishangaa. "Tuchangishe. Anza na mimi. Kila kaya, kama zamani."

Kefa alicheka, lakini bila ubaya. "Tangu nizaliwe sijaona mtu anakuja ofisini kuomba achangishwe."

"Ulipokuwa unatutegemea ulikuwa unatusikiliza."

"Hata sasa nakusikiliza, mama. Si nimekukaribisha kiti?"

Simu yake ililia. Aliitazama, akasimama haraka, akavuta shati. "Hawa ni wa kampuni. Dakika moja."

Alitoka nje. Restuta alisubiri saa nzima juu ya kiti kile kipya. Alipochungulia dirishani aliona pikipiki ya Mwenyekiti haipo.

* * *

Saa tisa alasiri alikuwa Tunduma, mpakani mwa Zambia.

Alitafuta injini ya kukodi mtaa hadi mtaa. Kila fundi alimpa jibu lilelile: zimepelekwa mlimani, zimepelekwa Saza, zimepelekwa machimboni. Wenye mashine walikuwa wameshalipwa na wachimbaji mpaka mwezi wa kumi. Mmoja alimuuliza anaitaka kwa kazi gani, na alipotaja kahawa, alimtazama kwa huruma kama mtu aliyefiwa.

Alibakiwa na mlango mmoja, kwa Sabra, kule Chapwa.

Sabra alikuja Tunduma kutoka Pangani miaka ishirini iliyopita akimfuata mume msafirishaji. Malori ya mumewe ndiyo yaliyobeba kahawa ya Ishilanga kila mwaka. Yeye mwenyewe alikuwa na mashine ya kusaga unga, kubwa kuliko zote mtaani. Restuta alipofika aliikuta kimya. Sabra alikuwa amekaa mbele yake juu ya gunia tupu, anatazama foleni ya malori.

"Karibu, mwenzangu," alisema. "Umekonda."

Restuta alimweleza yote. Sabra alisikiliza bila kumkatiza. Lori moja lilisogea hatua chache, likasimama tena. Nyuma yake lilikuwepo jingine, na jingine, yote yamebeba shaba kutoka ng'ambo, mabamba mazito yaliyofungwa kwa minyororo, yanakwenda bandarini.

"Nimeitazama shaba hii miaka ishirini," Sabra alisema. "Vijana wote wa mtaa huu wanaishi kwa foleni. Huyu anauza maji, yule anabadilisha kwacha, yule analinda turubai. Foleni ikirefuka tunashukuru. Na bei ya shaba ikianguka huko kwa wenyewe, hapa tunalala na njaa, wala hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishika."

"Na mashine yako? Mbona imezimwa?"

"Nisage nini? Ninyi wa Mbozi ndio mlikuwa mnanilisha mahindi. Sasa mnachimba. Na vijana wangu wawili wa kubeba magunia wamewafuata hukohuko. Watu wananunua unga wa pakiti uliotoka ng'ambo, wala siwalaumu." Aliigonga injini ya mashine yake kwa kiganja. "Mwezi wa nne sasa haijawaka."

Restuta aliitazama ile injini. Sabra alimsoma usoni.

"Chukua," akasema. "Yassir atakupeleka na lile lori dogo la Kanta, na atabaki nayo hukohuko mpaka umalize. Ila, Restuta, hii ndiyo iliyobaki yangu. Mume wangu ana malori yake, mimi nina hii. Irudi nzima."

Wanawake wawili walishikana mikono mbele ya mashine iliyonyamaza, na kwa mara ya kwanza wiki ile Restuta alitabasamu.

Angejua, msomaji, angeiacha palepale Chapwa? Sijui. Na yeye mwenyewe, ukimuuliza leo, anasema hajui.

* * *

Alhamisi nzima iliishia kwenye kuifunga. Matundu ya sakafu hayakulingana na ya injini. Yassir, dereva wa Sabra, kijana mpole asiyesema sana, alitoboa mapya kwa patasi na nyundo. Mkanda ulikuwa unaruka. Waliufunga mara nne, ukaruka mara nne.

Restuta alitumia siku hiyo kutafuta wachumaji. Alibisha nyumba sitini. Karibu nyumba hamsini zilikuwa na kufuli au na mtu anayelala baada ya zamu ya shimoni. Waliokubali walikuwa kumi na mmoja, wote wanawake, wote wamepita miaka sitini. Kiongozi wao alikuwa mama Gwantwa, mjane ambaye mgongo wake ulikuwa umepinda kiasi kwamba hakuhitaji kuinama kuchuma matawi ya chini.

"Wanangu wote wako juu," mama Gwantwa alisema. "Wananiletea sukari, wananiletea mchele. Nakula vizuri kuliko zamani. Lakini mti huu niliupanda na baba yao. Siwezi kuuangalia unamwaga matunda chini."

Ijumaa alfajiri, kabla wachumaji hawajatawanyika, Ezron alitokea kiwandani.

Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye injini ya Sabra, akalala chali kwenye saruji ya baridi, akapima mkanda kwa jicho moja. "Imekaa upande," alimwambia Yassir. "Nipe kipande cha bati."

Alikunja bati, akaliingiza chini ya mguu mmoja wa injini, akakaza. Yassir akapiga hendeli. Injini ikakohoa, ikashika, na mkanda ukatulia kana kwamba ulizaliwa pale.

Akina mama walipiga vigelegele. Ezron hakuinuka upesi. Alikuwa anatazama dari.

"Ile yenu," akamwambia mkewe, sauti ya chini, "imekatika krenki, ule mhimili wa ndani. Jana saa kumi. Haitengenezeki. Nilitaka usikie kwangu."

Restuta aliketi juu ya ukingo wa tangi. Miaka minane.

"Nitanunua nyingine," Ezron alisema. "Tumefika kwenye mwamba mzuri. Nikipata, kitu cha kwanza ni injini."

"Usiende leo. Tunahitaji mikono hapa."

"Nikikosa zamu, mgawo wangu wa mawe anapewa mwingine. Nimechimba miezi mitano mpaka kufika pale, Restuta. Miezi mitano. Niache siku ya kufika?"

Alimshika bega, akaliacha vumbi jeupe kwenye kitenge chake, akapanda mlima.

* * *

Hadi saa sita mchana akina mama wale walikuwa wameleta madebe arobaini. Hakuna aliyeamini. Mashine iliyameza matunda mekundu, maganda yakatoka upande huu, buni nyeupe zenye utelezi zikatoka upande ule na kusukumwa na maji ya kijito kwenye mfereji kuelekea tangini. Mama Gwantwa alitia mkono ndani ya maji akachota buni kiganjani, akazinusa, akafumba macho.

Restuta alipiga hesabu ya vichanja. Kwa mwendo ule, kufikia kesho asubuhi wangefunika kumi na tano. Labda ishirini, kama wangepata mikono mingine michache. Mkaguzi akiwa mtu wa kusikiliza, angeweza kuongeza siku.

Saa nane kasoro maji yalianza kupungua.

Mwanzoni alidhani ni majani yameziba. Alikwenda mwanzo wa mfereji, akatoa majani. Maji yakawa uzi. Kisha hayakuwa hata uzi. Buni zikakwama kwenye saruji, jua likaanza kuzipiga.

"Wameyageuza huko juu," alisema Restuta, na safari hii alikuwa na hasira kweli. "Wamechukua wachumaji, wamechukua injini, sasa wanachukua na maji ya kuoshea mawe yao. Msizime mashine. Nakuja."

Alipanda kwa kufuata kijito. Mawe ya kijito yalikuwa bado yamelowa, visamaki vinarukaruka kwenye madimbwi. Alipita mashamba mawili. Alikuwa anayapanga maneno atakayowaambia wachimbaji, mmoja mmoja kwa jina lake, na kwa jina la mama yake.

Hakuwakuta wachimbaji. Alikuta kijito kinakuja kutoka juu vizuri kabisa, maji tele, safi, kwa kelele. Halafu, katikati ya mkondo wake, karibu na uzio wa kampuni, maji yote yalikuwa yanazunguka na kudidimia ndani ya ardhi. Shimo lilikuwa limefunguka hapo, pana kama mlango. Majani na matawi yaliingia humo bila kurudi.

Restuta alisimama akitazama. Ilimchukua muda kuelewa anachokiona. Kijito hakikuwa kimegeuzwa na mtu.

Chini ya kijito kulikuwa na maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Na duara la tatu lilikuwa la Ezron.

Lusubilo alikuwa anateremka mlima mbio, kiatu kimoja mguuni. Alikuwa ameacha lindo lake tangu asubuhi akajaribu bahati juu huko, na sasa alikuwa analia kama mtoto.

"Mama Tabita. Maji. Maji yameingia."

"Nani yuko chini?"

"Watano. Tulisikia sauti zao kwanza. Walikuwa wanasema wako juu ya jukwaa la miti, maji bado hayajawafikia. Wanataka pampu."

"Baba Tabita?"

Lusubilo alizidi kulia. Restuta alishageuka.

* * *

Injini ya Sabra ilikuwa bado inaunguruma alipoingia kiwandani. Madebe ishirini na mawili yalikuwa yanasubiri zamu kwenye mashine.

"Zima," alisema.

Mama Gwantwa alimtazama. "Na kahawa hii?"

"Zima, mama. Watu wako ndani ya maji."

Yassir alizima bila kuuliza. Restuta alichukua spana yeye mwenyewe. Nati ambazo ziliwagharimu siku nzima kuzikaza zilifunguka kwa dakika kumi. Bati la Ezron lilianguka sakafuni. Akina mama wale, wote kumi na mmoja, walishika injini kila mtu alipoweza, wakaibeba mpaka kwenye Kanta. Pampu ya kiwanda ya kunyonya maji ya matangi, ambayo bila injini haizunguki, nayo ikapakiwa, na mpira wake mrefu.

Hakuna aliyezungumzia Jumamosi. Nyuma yao kahawa ilibaki juani, na inzi walikuwa wameshaanza kuja.

Kanta ilipanda kwa gia ya kwanza. Lusubilo alisimama nyuma ameikumbatia injini ili isipinduke. Restuta alikaa mbele na hakuomba, maana kila alipoanza sala alijikuta anahesabu ni mita ngapi mpira ule unaweza kufika.

Geti la kampuni lilikuwa limefungwa kwa mnyororo.

Ndani ya uzio walijaa wachimbaji, labda mia tatu, wamesimama. Karasha lilikuwa kimya. Mlinzi wa geti, kijana mwenye sare safi, alikuja hadi kwenye nondo na kumwamkia Restuta kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua, mwanangu. Tumeleta pampu."

"Pampu ya nini, mama?"

"Duara la tatu. Kuna watu watano."

Kijana alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Maduara yote ya kando ya kijito yalifungwa Jumatatu. Wakaguzi walisema yamekwenda chini mno. Karatasi hii hapa. Kwa mujibu wa karatasi, duara la tatu halina mtu."

"Wewe mwenyewe umewafungulia alfajiri," Lusubilo alisema kutoka juu ya gari. "Na ukachukua mfuko wako wa mawe. Nilikuwepo."

Kijana alitazama viatu vyake. "Nimepiga simu kwa wakubwa," alisema, polepole, kama anayesoma. "Wamesema nikifungua geti kwa ajili ya watu walio chini, ni kukiri kwamba walikuwepo. Wakaguzi watarudi. Mlima wote utafungwa, maduara yote, mpaka uchunguzi uishe. Miezi sita. Mwaka."

Wale mia tatu walilisikia neno hilo. Restuta aliziona nyuso zao zikibadilika. Aliwajua wote. Alikuwa ameandika majina yao kwenye daftari la kahawa, alikuwa amekula kwenye harusi zao. Baadhi walianza kusogea getini wakitaka livunjwe. Wengine hawakusogea. Wengine, na wanawe mama Gwantwa walikuwemo, waliwashika mikono wale waliosogea.

"Tutalima nini mwaka mzima?" mtu mmoja aliuliza, hakuna aliyeona ni nani. "Mahindi hatukupanda. Kahawa imekufa. Watoto watakula nini?"

"Ezron yuko chini," Restuta alisema. "Ezron aliyewafundisha kupogoa."

"Tunajua, mama Tabita," akajibu mwingine, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia kwelikweli. Lakini naye hakusogea.

Pikipiki ilisikika ikipanda. Mwenyekiti Kefa alishuka kabla haijasimama vizuri. Restuta alimkimbilia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hajapata kumfanyia mwanamume asiye ndugu yake.

"Mwenyekiti. Useme tu neno moja. Wewe ndiye serikali hapa."

Kefa alikuwa anahema. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni. Alitazama mpira wa pampu, akatazama injini, akatazama umati uliokuwa ukimsubiri.

"Wakubwa wanasema niulize ofisi ya kijiji," mlinzi alisema kupitia nondo, na ungedhani anaomba radhi. "Mwenyekiti akithibitisha kuna watu, nafungua. Akithibitisha hakuna, nisifungue. Kwa hiyo nakuuliza, Mwenyekiti. Chini kuna watu, au hakuna?"

Kefa alijinasua mikononi mwa Restuta, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Hakuna mtu," akasema.

Hatua thelathini ndani ya uzio, kwenye mdomo wa duara la tatu, kamba ya kuteremkia shimoni, iliyokuwa imelegea tangu saa nane, ilikazika. Ikalegea. Ikakazika tena.

Wote waliiona. Mlinzi wa geti aliiona pia, na funguo zilikuwa mkononi mwake.